Maswali ya Wasomaji: Mzigo wa Ethiopia katika mlango wa Jibuti

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza habari za Jibuti, nchi yenye eneo la kilomita za mraba 23,200 tu na watu wapatao milioni 1. Mlangoni mwake hupita sehemu kubwa kabisa ya biashara ya Ethiopia, nchi ya watu zaidi ya milioni 100 isiyo na pwani. Tumezipanga barua kwa kufuata safari ya mzigo, kuanzia gatini kwenda bara.

Wakala wa forodha, Mombasa: *Ndugu wahariri, foleni za Kilindini tunazijua. Nchi ndogo vile inawezaje kupokea mzigo wa Ethiopia nzima? Na mtu akituambia mzigo "umefika bandari ya Jibuti", anamaanisha bandari ipi?*

Ndugu yetu, swali la pili ndilo lenye pesa ndani yake, kwa hiyo tuanze nalo. Iko bandari ya zamani, iliyo mjini. Magharibi ya mji kuna Doraleh, na Doraleh yenyewe si gati moja. Kuna kituo cha makontena kilichoanza kazi mwaka 2009, chenye kina cha mita 18 gatini. Kuna kituo cha mafuta. Na kuna bandari ya shehena mchanganyiko iliyofunguliwa Mei 2017, inayopokea magari, vyuma, nafaka na mbolea. Ng'ambo ya Ghuba ya Tadjourah zipo bandari mbili nyingine za mwaka huo huo wa 2017: ya Tadjourah yenyewe, iliyojengwa kwa kufikiria madini ya potashi ya kaskazini mwa Ethiopia, na ya Ghoubet, ya chumvi ya Ziwa Assal. Kila mahali pana geti lake, ada zake na umbali wake hadi barabara kuu au reli. Hati ya shehena ikiandikwa "Djibouti" peke yake, uliza jina la kituo kabla hujatoa bei kwa mteja. Kontena linaloshushwa kituo kimoja na kupakiliwa kituo kingine hulipiwa kuhamishwa, na bei hiyo haimo kwenye nauli ya meli.

Inawezaje? Maumbile yameisaidia: ipo karibu na mlango wa bahari wa Bab el Mandeb, ambako meli zinazotumia Mfereji wa Suez hupita hata hivyo, na maji yake ni ya kina. Mengine yaliletwa na historia. Eritrea ilipopata uhuru mwaka 1993, Ethiopia ilibaki bila pwani, lakini iliendelea kutumia bandari ya Assab. Vita vya 1998 kati ya nchi hizo mbili vikaufunga mlango huo, na karibu mzigo wote ukamiminika Jibuti. Tangu hapo karibu kila gati, kila barabara na kila uwanja wa makontena umejengwa kumtazama mteja mmoja. Hapo ndipo penye nguvu yake na penye udhaifu wake. Ukame, uhaba wa fedha za kigeni au vurugu huko Ethiopia husikika gatini Doraleh ndani ya wiki chache.

Tukwambie pia jambo litakalojirudia katika majibu yote yanayofuata. Ni nadra mzigo kukwama kwa kukosa gati au kwa urefu wa barabara. Hukwama pale unapobadilisha mikono: meli inapoukabidhi uwanja, uwanja unapoukabidhi lori, lori linapoukabidhi mpaka, na mwenye mzigo anapotakiwa kurudisha kontena tupu.

Afisa wa ushirika wa wakulima, Mbeya: *Tunapokea mbolea kupitia Dar es Salaam na kila mwaka tunalia inachelewa. Ethiopia wanatumia mbolea nyingi kuliko sisi na hawana bandari. Wao wanafanyaje? Naomba hesabu, si maelezo ya jumla.*

Tunashukuru kwa kudai hesabu. Tuchukue meli moja ya mbolea ya urea, tani 60,000, imefunga gati Doraleh. Urea iko tumboni mwa meli ikiwa imemwagwa wazi, haimo mifukoni. Krini za meli huichota kwa makucha ya chuma na kuimwaga kwenye faneli kubwa zilizosimamishwa gatini. Chini ya kila faneli kuna mizani na cherehani: mfuko unajazwa kilo 50, unashonwa mdomo, na makuli au mkanda unaupandisha kwenye lori. Meli moja ya tani hizo ni mifuko 1,200,000.

Tuseme mstari mmoja unatoa mifuko 20 kwa dakika. Hiyo ni tani 1 kwa dakika, tani 60 kwa saa. Mistari 8 ni tani 480 kwa saa. Kwa saa 20 za kazi ingefika tani 9,600, lakini hakuna gati duniani linalofikia hesabu ya karatasi. Uzi unakatika, makucha yanabadilishwa, zamu zinapishana, lori halijasogea. Chukua asilimia 60, unapata tani 5,760 kwa siku. Meli itamalizika kwa siku 10 au 11.

Sasa tazama upande wa malori. Tani 5,760 kwa lori la tani 40 ni malori 144 kila siku, pasipo kukosa hata siku moja. Lori lililoondoka leo halirudi kesho. Linapanda hadi ghala la bara, linasubiri kushushwa, linarudi. Ikiwa mzunguko mzima ni siku 8, unahitaji malori 1,152 kuihudumia meli hiyo moja. Mzunguko ukivuta hadi siku 12, unahitaji 1,728. Siku 4 za kulala nje ya ghala la ushirika, kwa sababu hakuna makuli wa kushusha au mtunza ghala amefunga Ijumaa mchana, zimekula malori 576. Watu hulaumu bandari wakati tatizo liko kilomita 900 kutoka baharini, mlangoni pa ghala. Tunalisema hili kwa uchungu, kwa sababu ndilo linaloweza kurekebishwa bila mkopo: ghala lenye makuli wa zamu mbili, turubai la akiba na ruhusa ya kupokea mizigo Jumapili.

Msimu nao hausubiri. Mvua kuu za Ethiopia huanza kama Juni, kwa hiyo mbolea inatakiwa iwe imefika wilayani kabla ya hapo. Mwanzoni mwa 2016, baada ya ukame mkali ulioletwa na El Niño, meli za ngano ya msaada na meli za mbolea zilifika pamoja. Gati ni lilelile, mashine za kujazia mifuko ni zilezile, malori ni yaleyale. Kila tani ya ngano iliyotangulia kwa ajili ya wenye njaa wa mwaka ule iliirudisha nyuma tani ya mbolea ya mavuno yaliyofuata. Huo ni uamuzi mzito, na hakuna mpangaji wa bandari anayepaswa kuachiwa peke yake.

Mambo yanayoharibu urea yenyewe ni machache na yanajulikana. Kwenye joto la nyuzi 30, urea huanza kunyonya maji ya hewani unyevu ukizidi asilimia 72 hivi. Pwani ya Jibuti ni kavu mno wakati upepo wa kiangazi unapovuma, lakini usiku na alfajiri za miezi ya baridi hewa ya bahari huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Kwa hiyo vifuniko vya meli hufungwa kazi inaposimama, hata kwa saa moja. Mfuko uwe na tabaka mbili, plastiki ndani na gunia la nailoni lililofumwa nje. Ule wa ndani ufungwe mdomo wake kabla cherehani haijapita, maana sindano ikitoboa plastiki, mfuko mzima una matundu ishirini ya kunyonya unyevu. Ghalani, panga juu ya mbao, acha nusu mita kutoka ukutani, na usizidishe kimo: mifuko ya chini ikigandamizwa wiki kadhaa hugeuka mawe, na mkulima hulazimika kuiponda kwa mchi.

Dereva wa semi, Tunduma: *Shikamooni. Mimi naendesha Dar–Tunduma–Lubumbashi. Nasikia njia ya Jibuti kwenda Addis inapasua matairi kuliko njia yoyote. Ni kweli, au ni stori za vijiweni?*

Marahaba, ndugu yetu. Njia ni kali, lakini matairi mengi hupasuliwa na mkono wa mtu.

Njia kuu hutoka Doraleh, hupita Dikhil na Yoboki hadi mpaka wa Galafi, kilomita 220 hivi, kisha Mille, Awash na kupanda hadi Modjo, kwenye bandari kavu kubwa ya Ethiopia. Jumla ni kama kilomita 850 hadi 900. Iko njia ya kusini kupitia Ali Sabieh na Dewele kuelekea Dire Dawa, na ya kaskazini kutoka Tadjourah kupitia Balho. Ile kuu hupita tambarare za Afar, ambako joto la mchana huzidi nyuzi 40 kwa miezi mingi, na lami huwa ya moto kuliko hewa.

Tairi lililojazwa paundi 110 alfajiri, kwenye hewa ya nyuzi 28, litasoma karibu paundi 130 hewa ya ndani ikifika nyuzi 75. Upandaji huo ni wa kawaida, mwenye kiwanda ameshauhesabu. Kosa linaloua matairi ni dereva kusimama saa nane mchana, kupima, kuona 130, akapunguza hadi 110. Usiku anapanda nyanda za juu kwenye baridi, na tairi lile sasa lina paundi 90 au pungufu. Ubavu unajikunja kila mzunguko, nyaya za ndani zinachemka, na kesho yake linapasuka kwenye tambarare. Anasema ni joto la Afar, kumbe ni ule upepo alioutoa jana. Pima asubuhi tu, tairi likiwa limepoa angalau saa tatu.

Kwenye matairi pacha angalia kimo chake. Moja likiwa limechakaa kuliko mwenzake hata kwa nusu sentimita, lile refu hubeba sehemu kubwa ya mzigo wa wote wawili. Toa mawe yaliyonasa katikati. Tairi lililovishwa mpira upya lisikae kamwe mbele kwenye usukani, hata kama ni jipya la jana.

Injini nayo ina siku yake. Kwenye mwendo mrefu wa kupanda huku upepo ukitoka nyuma yako, hewa haipiti kwenye rejeta kama ulivyozoea. Vumbi la chumvi na mchanga huziba mapezi yake. Osha kwa maji ya kasi ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje, usifanye kinyume, maana utalisukuma vumbi ndani zaidi. Beba maji ya kunywa lita 10 kwa kila mtu, mbali na ya rejeta. Lori likiharibika kati ya Galafi na Mille adhuhuri, maji ndiyo roho yako na ya utingo wako.

Ukishuka na kontena la kahawa au tupu, tumia gia na breki ya injini. Mteremko kutoka nyanda za juu ni mrefu, na breki za miguu zikishachemka hazikupi onyo la pili.

Kuhusu upakiaji: kontena moja zito la futi 20 likiwekwa nyuma ya trela la futi 40, linanyanyua pua ya trela. Kichwa kinakosa uzito wa kushika barabara na ekseli tatu za nyuma zinazidi kiwango kwenye mizani. Liwekwe katikati, na trela liwe na kufuli za katikati. Kufuli zote 4 zifungwe na uzishike kwa mkono, usizitazame kwa macho tu. Na usiendeshe usiku kwenye maeneo ya wafugaji kama unaweza kuepuka. Ngamia ni mrefu, miguu yake huvunjika chini ya bampa na kiwiliwili kuingia kwenye kioo.

Mwanafunzi wa usafirishaji, Dar es Salaam: *Reli ya Jibuti–Addis ni ya umeme na ya kisasa kama SGR yetu. Kwa nini malori bado yanajaa Galafi?*

Kwanza tuweke msingi. Wafaransa walijenga reli ya upana wa mita moja iliyofika Addis Ababa mwaka 1917. Mpya, ya milimita 1,435 na umeme wa kilovolti 25, ilizinduliwa upande wa Ethiopia Oktoba 2016 na upande wa Jibuti Januari 2017, na huduma za biashara zikaanza Januari 2018. Ina urefu wa takribani kilomita 750, na kipande cha Jibuti hakizidi sana kilomita 100. Upana na umeme ni vilevile kama vya Tanzania. Ya Mombasa–Nairobi ina upana huo huo lakini inakokotwa kwa dizeli.

Nguvu ya treni haina ubishi. Mabehewa 30 yaliyofunikwa ya tani 70 ni tani 2,100, sawa na malori 52 au 53 ya tani 40, kwa kichwa kimoja au viwili na madereva wachache. Mbona basi malori hayajaisha? Hesabu mara ambazo kontena linanyanyuliwa. Kwa lori: meli hadi uwanjani, uwanjani hadi lori, lori hadi mlangoni kwa mwenye mali. Kwa treni: meli hadi uwanjani, uwanjani hadi lori la kuhamishia, lori hadi behewa, behewa hadi uwanja wa bara, uwanja hadi lori jingine, kisha mlangoni. Kila kunyanyua kuna ada, kuna foleni na kuna siku. Pale reli inapoingia hadi gatini na hadi ndani ya bandari kavu, treni inashinda bila kuhangaika. Pale inapoishia kilomita chache kabla, hizo kilomita chache ndizo zinazokula faida ya zile 750. Ukiona mradi wowote wa reli, kabla ya kuuliza kasi ya treni, waulize reli imefika umbali gani kutoka krini ya meli.

Umeme ndio jambo la pili. Umeme ukikatika, lori la jirani linaendelea na safari, treni inasimama mlimani na mabehewa yake, na zilizo nyuma yake zinasimama pia, kwa sababu sehemu kubwa ya njia ni ya reli moja. Karibu na bahari kuna adui asiyeonekana: chumvi. Upepo huiweka juu ya vikombe vya kuzuia umeme, umande wa usiku huilowesha, na umeme hupata njia ya kuruka hadi nguzo. Dawa yake ni kuviosha kwa ratiba, wala si kungoja viungue.

Joto lina hesabu yake nalo. Chuma cha reli iliyoungwa bila mapengo hakina pa kukimbilia kinapotanuka. Hewa ikiwa nyuzi 45, reli yenyewe hupita 60. Kwa reli ya kilo 60 kwa mita, kila nyuzi 1 juu ya joto ililofungiwa huzaa msukumo wa karibu tani 1.9 ndani ya chuma. Ikizidi kwa nyuzi 25, kila reli inasukumwa kwa karibu tani 47. Kinachoizuia isipinde ni kokoto zilizoshikilia mataruma pembeni. Mchanga ukijaza kokoto, au mafundi wakizichimbua mchana wa joto kurekebisha kiwango, njia hujikunja kama nyoka mbele ya treni. Ndiyo maana kazi za kokoto hufanywa alfajiri, na treni hupunguziwa mwendo saa za jua kali.

Jambo la mwisho ni mifugo. Njia hupita katikati ya malisho ya Waafar na Wasomali, na treni iliyobeba tani 2,000 haisimami kwa kuona mbuzi. Uzio peke yake hautoshi, kwa sababu mfugaji aliyefungiwa maji upande wa pili ataukata, na ana haki ya kuyafikia maji. Njia za kupitisha mifugo chini ya tuta, zilizowekwa pale mifugo inapopita tangu zamani na si pale mhandisi alipoona rahisi kuchimba, huokoa wanyama na ratiba kwa pamoja.

Muuza vipuri, Dubai: *Nina mteja Addis anataka kontena la futi 20 la vipuri. Nimezoea kutuma Dar na Mombasa. Jibuti nianzie wapi?*

Anza kwa mteja wako, dada yetu, kabla hujagusa kontena. Mnunuzi wa Ethiopia anapaswa kuwa na kibali cha benki yake cha fedha za kigeni kabla mzigo haujapakiwa melini. Ukipakia kwanza na kibali kikachelewa, mzigo utakaa Jibuti ukihesabiwa siku, na hutakuwa na la kufanya ukiwa Dubai.

Kisha amueni njia ya hati. Ipo ya msafirishaji mmoja, ambapo hati moja ya shehena hufika hadi bandari kavu kama Modjo, na msafirishaji huyo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa shirika la meli la Ethiopia, hubeba dhamana ya safari nzima. Mteja hulipa ushuru huko bara. Ipo ya kukatisha safari Jibuti, ambapo mteja huweka wakala wake wa kupitisha mzigo na kutafuta lori mwenyewe. Ya pili humpa uhuru, lakini ucheleweshaji wote unamwangukia yeye. Kwa mteja mpya tungemshauri ya kwanza.

Jina la mpokeaji liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye leseni yake na namba yake ya mlipakodi, na liwe hilo hilo kwenye hati ya shehena, ankara na orodha ya vifurushi. Makosa ya herufi moja hurekebishwa kwa barua na malipo, na huku siku zinahesabika. Eleza vipuri kwa majina: "pedi za breki, katoni 140", usiandike "vipuri" tu, maana neno la jumla hukaribisha kontena kufunguliwa. Uzito uliothibitishwa wa kontena zima ni lazima kwa meli zote tangu Julai 2016, na ndilo jambo ambalo wengi hukadiria. Usikadirie. Kontena tupu la futi 20 lina kama tani 2.3, na vipuri ni vizito kuliko vinavyoonekana: kontena litafika ukomo wa uzito wa barabara likiwa halijajaa nusu. Sambaza uzito sakafuni, vizito chini na katikati. Andika namba ya lakiri kwenye hati zote na upige picha mlango ukiwa umefungwa.

Siku za bure ziulize mara mbili, kwa sababu ni hesabu mbili tofauti: siku za mzigo kukaa bandarini, na siku za kontena kuwa nje mikononi mwenu hadi lirudishwe tupu. Ya pili ndiyo inayoumiza. Ethiopia inaagiza mzigo mwingi mno kuliko inaouza nje, kwa hiyo makontena mengi hurudi baharini matupu, na hakuna lori linaloharakisha kurudisha tupu. Kabla ya kusaini, omba siku za kontena ziongezwe. Ni rahisi kupewa kabla ya kupakia kuliko baada. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayofanya bei ya lori la kupanda ionekane kubwa: ndani yake mna nauli ya kurudi bure.

Mwenye malori mawili, Kampala: *Kadi ya njano ya bima inakubalika Jibuti?*

Ndiyo. Jibuti na Ethiopia zimo kwenye mpango wa kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, pamoja na Uganda, Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo. Tanzania pia imo ingawa si mwanachama wa COMESA. Hakikisha jina la kila nchi utakayopita halijafutwa kwenye kadi, kwa kuwa kampuni huifuta ile usiyoilipia. Kumbuka kadi hii hulipa madhara ya mtu mwingine. Lori lako na mzigo uliobeba vinahitaji bima zake.

Mfanyabiashara, Garissa: *Lamu imefunguliwa. Je, itamnyang'anya Jibuti mteja?*

Kwa Addis na kaskazini, hatuoni hivyo kwa miaka ya karibu. Gati la kwanza la Lamu lilianza Mei 2021 na kina chake kinapokea meli kubwa, lakini kutoka Lamu hadi Addis kupitia Garissa, Isiolo na Moyale ni mbali mno kuliko kutoka Doraleh. Pia Jibuti imeshajaa mawakala, gereji, viwanja na benki zinazoijua kazi, na hivyo havijengwi kwa saruji.

Kusini mwa Ethiopia hesabu inageuka. Hawassa iko kilomita 270 hivi kusini mwa Addis, na miji iliyo chini yake, Dilla, Yabelo na Moyale, kila kilomita inaisogeza kwako na kuiondoa Jibuti. Barabara ya Isiolo hadi Moyale ni ya lami, na pale mpakani pana kituo kimoja cha ukaguzi kwa nchi zote mbili. Anza na mzigo wa uzito wa kati usioharibika, kama vigae, sabuni au mabati, na mtafute mwenye maharage upande wa pili kabla lori halijaondoka Garissa, ili lisirudi tupu. Msimu wa mvua ndefu uulize hali ya barabara ya Lamu–Garissa siku ile ile ya safari, na usalama wake pia.